Kabla mama sokoni hajakujazia kopo la sambaza kavu

Mwezi uliopita tulipokea wageni wa upande wa bwana yangu, baba mkwe akiwa mbele yao. Nilipika sombe ya majani ya muhogo, nikasonga bugali, na sambaza kavu, dagaa wetu wa ziwa Kivu, nikaziunga kwa mawese na vitunguu vingi. Mzee akachukua tonge la kwanza, akatafuna mara mbili, akatulia. Sote tulisikia ule mlio: krr. Mchanga. Kwa heshima yake hakutema. Alimeza, akanywa maji, akamalizia bugali kwa sombe peke yake. Bakuli la sambaza likarudi jikoni likiwa limejaa vilevile, na mimi sikuwa na pa kuweka uso.

Nilizinunua soko la Kadutu, hapa Bukavu, kwa mama mmoja aliyeniapia: "Mama, hii ni ya ku Idjwi, iko safi, miye mwenyewe nakulaka." Alimaanisha kisiwa chetu cha ziwa Kivu. Usiku ule nilimwaga zilizobaki kwenye ungo, nikazitenga moja moja. Zaidi ya nusu hazikuwa sambaza. Zilikuwa mukene, wale dagaa wa ziwa Victoria wanaotufikia kupitia Uganda, na juu ya kopo walikuwa wametandaza sambaza chache za kunivuta.

Habari ya harufu, ukubwa na mng'ao siigusi hapa. Hakuna mwanamke wa Bukavu anayehitaji kufundishwa hayo. Tusichokiangalia ni mchanga, na hatukiangalii kwa sababu hauonekani. Samaki akitandazwa mbichi ufukweni, ngozi yake yenye maji hunasa chembe. Baadaye chembe nyingine huingia chini ya kifuniko cha shavu, jua likakikausha na kukikaza juu yake. Ukimwosha kwa haraka, unaosha mgongo tu. Kwa hiyo ukiwa mbele ya meza, omba samaki watano kutoka chini ya rundo, wala si wale wa juu. Vunja vichwa, funua shavu kwa ukucha, kisha gongagonga juu ya simu yako ikiwa imezimwa. Kwenye kioo cheusi chembe zinaonekana zote. Mama akinuna, nenda meza inayofuata.

Na ukucha huohuo utakuambia unanunua nani. Mlaze samaki chali, pitisha ukucha tumboni kutoka mkiani kuelekea kichwani. Sambaza na ndagala, yule dagaa wa ziwa Tanganyika, wana magamba yenye ncha yaliyojipanga tumboni, yanakwaruza kama msumeno mdogo. Mukene tumbo lake ni laini, maana ni wa ukoo mwingine kabisa. Kwa mukene ambaye hajakaa sana, mkia nao huwa na umanjano. Sambaza na ndagala ndio wanaosumbua kutenganisha, kwa sababu ni ndugu: ndagala ni mwembamba na mwepesi, sambaza ana kifua kipana kidogo na anakua zaidi yake. Wakiwa wadogo hata wavuvi hubishana, na kwenye mzigo wa ndagala kutoka Tanganyika hukosi watoto wa sambaza ndani.

Wengi hawajui kwamba sambaza yetu hii tunayojivunia ilitoka Tanganyika. Ililetwa katika ziwa Kivu kati ya mwaka 1958 na 1960, enzi za Wabelgiji, kwa sababu katikati ya ziwa hakukuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini. Walikusudia kuleta na ndagala pia. Ndagala hakushika, sambaza akajaa ziwa zima.

Sasa ununue ipi? Mimi sifichi: sambaza ya Idjwi kwanza, na iwe mbichi. Shuka ziwani asubuhi wakati mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja inarudi na taa zake, nunua, kisha anika mwenyewe juu ya neti iliyoinuliwa kutoka chini. Jua likiwa kali hazichelewi kukauka, na utakula bila kusikilizia meno. Kama huna nafasi ya kuanika, tafuta kavu yenye alama za neti ubavuni, vile vijistari vilivyopishana. Hiyo haikulala mchangani. Kwa alama hizo niko tayari kulipa zaidi, na nimekwisha kulipa.

Ya pili ni ndagala ya Uvira, mji wa ufukweni mwa Tanganyika, inayopanda kupitia Kamanyola na milima ya Ngomo. Ladha yake katika sombe haina mpinzani, hilo nalikubali. Lakini nyingi huanikwa ufukweni, kwa hiyo jaribio la simu usiliruke hata siku moja.

Ukikuta samaki mrefu kidogo mwenye vidoa vya buluu, huyo ni Lamprichthys tanganicanus, mgeni mwingine wa Tanganyika aliyeonekana Kivu mwaka 2006. Ng'ambo watu humfuga kwenye matangi ya vioo kwa ajili ya urembo wake. Sisi tunamkaanga mbichi, na ni mtamu, ila akikauka anakuwa mgumu.

Mukene bei yake ni ya chini. Ukitaka mukene, nunua mukene kwa jina lake na kwa bei yake.

Hapo ndipo moyo wangu unapouma. Mbalamwezi ikitoka, taa za wavuvi hazivuti samaki, mavuno yanapungua na sambaza mbichi inapanda bei. Hiyo ni haki. Lakini kavu iliyovuliwa wiki tatu zilizopita, kwa nini nayo ipande usiku uleule? Ukiuliza unajibiwa, "Mama, ni mwezi." Halafu ni kopo lilelile lenye kitako kilichogongwa kikaingia ndani, unalipa kopo zima unapata robo tatu. Na tangu benki za Bukavu zifungwe mwaka 2025 noti zetu zimechakaa, lakini muuzaji anayekukatalia noti iliyochanika pembeni ndiye anayekurudishia chenji kwa noti iliyochanika katikati. Siku hizi natia kidole ndani ya kopo kabla hajajaza, nasikia kitako kiko wapi, ndipo tunapatana bei.

Kama umekwisha kununua zenye mchanga, ondoa vichwa vyote, loweka kwenye maji ya uvuguvugu, kisha toa samaki kwa mkono. Usimwage maji na samaki pamoja, maana mchanga unatulia chini na ukiinamisha sufuria unarudi juu yao. Badilisha maji, rudia. Maji ya tatu yakibaki na mchanga chini, wape kuku.