Nimehamia oili ya sinthetiki: uzoefu wangu na gari la kilomita nyingi

Nguvu za gari hazijaongezeka, na matumizi ya petroli hayajapungua kwa kiasi ambacho ningethubutu kukitetea mbele ya mtu. Naanza na hayo kwa sababu ndiyo ninayoulizwa kwanza na kila anayesikia nimeacha oili ya kawaida. Hata hivyo sirudi nilikotoka, na sababu zangu ni nyingine kabisa.

Gari lenyewe ni la petroli, silinda nne, halina tabo (kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi), na lilikuwa limeshapita kilomita 150,000 nilipobadilisha. Siku zote lilitumia oili ya madini, ndiyo hiyo ya kawaida, ya 5W-30, na sinthetiki niliyochagua nayo ni 5W-30. Nilifanya hivyo kwa makusudi. Wengi wanaosimulia kwamba injini imekuwa nyepesi ajabu walitoka kwenye 20W-50 wakaingia 5W-30, kwa hiyo walibadilisha vitu viwili kwa mpigo: aina ya oili na uzito wake. Namba yenye W inaonyesha oili inavyopita ikiwa baridi, na ile ya pili inaonyesha mnato wake ikifika nyuzi 100 za Selsiasi. Ukishuka kutoka 50 hadi 30, injini itaitikia hata kama oili zote mbili ni za madini. Mimi nilitaka kuona sinthetiki inaleta nini peke yake.

Fundi wangu alipinga. "Dada, injini iliyozoea oili ya kawaida ukiipa hii itavuja kila kona," aliniambia, na namwelewa, maana hofu hiyo haikuzuka hewani. Sinthetiki za miaka ya 1970 hazikuelewana vizuri na sili za mpira za wakati ule, na injini nyingine zilivuja kweli. Oili za leo huwekewa viambato vya kutunza mpira, kwa hiyo sababu ile ya zamani imekwisha. Inabaki moja ambayo bado ni ya kweli: sili iliyochoka inaweza kuwa imezibwa na tope la oili nzee, na sinthetiki nzuri ikianza kulisafisha lile tope, uvujaji uliokuwa umejificha unajitokeza. Ndiyo maana kabla ya kumwaga oili tulisafisha injini kwa chini, tukakagua gasketi ya kava ya tapeti, sampu (bakuli la oili chini ya injini), na sili za kranki mbele na nyuma. Zilikuwa kavu. Mpaka leo ni kavu. Kama zingekuwa na unyevu, ningezibadilisha kwanza, na ushauri huo nampa yeyote mwenye gari la umri kama wa langu.

Tofauti ya kwanza niliisikia asubuhi. Ule mgongano wa tapeti injini inapowashwa ikiwa imelala usiku kucha umefupika. Haujaisha, umefupika. Gari likilala, oili nyingi huteremka kwenye sampu, na mpaka pampu iipandishe tena, vyuma vya juu hutegemea utando mwembamba uliobaki. Oili ya madini hubeba mabaki ya nta kutoka kwenye mafuta ghafi, na molekuli zake ni kubwa kwa ndogo, hivyo baridi huifanya nzito zaidi. Sinthetiki ina molekuli zinazolingana, inawahi kufika juu. Penye baridi kali tofauti hii ni kubwa sana. Penye joto mwaka mzima usitegemee makuu.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Zamani, kati ya sevisi na sevisi, nilizoea kuona alama ikishuka na kuongeza kidogo, ingawa hapakuwa na tone chini ya gari. Sasa inashuka kwa shida. Maelezo yake ni kwamba sehemu nyepesi za oili huvukiza injini ikichemka, mvuke wake hurudishwa kwenye hewa inayoingia kwenye silinda na kuungua humo. Kuna kipimo kinachoitwa Noack: oili hupashwa moto hadi nyuzi 250 kwa saa moja, kisha huangaliwa imepungua uzito kiasi gani. Kiwango cha ILSAC, kamati ya watengenezaji wa magari inayoweka viwango vya oili, kinaruhusu hadi asilimia 15. Sinthetiki nyingi nzuri hupoteza chini ya 10. Kinachobaki kwenye injini nacho hakigeuki kuwa kizito upesi, kwa sababu oili hii huhimili joto bila kuungana na oksijeni haraka. Kwa wenye tabo hapo ndipo penyewe, maana oili ikiungulia kwenye beringi za tabo inaacha makaa, na makaa hayo huziba njia.

Oili ilipogeuka nyeusi mapema kuliko nilivyozoea, sikushtuka. Viongezi vya kusafisha vilikuwa vinaokota uchafu wa miaka, na kazi yao ni kuushikilia ndani ya oili ili utoke siku ya kumwaga. Ndiyo maana mzunguko ule wa kwanza niliukatisha, nikamwaga kabla ya wakati na kuweka filta mpya. Ukimulika tochi kwenye tundu la kujazia, ile rangi ya kahawia iliyoganda juu ya vyuma imepungua taratibu. Usafi huu huja polepole, na ni vizuri hivyo, kwa sababu tope likibanduka kwa wingi linaweza kuziba chujio la pampu.

Kuhusu neno lililoandikwa kwenye galoni, jihadhari. Mwaka 1999, baada ya kampuni ya oili ya Mobil kulalamikia matangazo ya mshindani wake Castrol, chombo cha kusuluhisha masuala ya matangazo nchini Marekani kiliamua kwamba oili ya kundi la III katika mgawanyo wa oili za msingi, inayotokana na mafuta ghafi yaliyochakatwa sana kwa haidrojeni, inaweza kuitwa sinthetiki. Kundi la IV ndilo la PAO, inayoundwa kiwandani molekuli kwa molekuli. Sioni aibu kutumia kundi la III. Zilizo bora zimekaribia sana PAO kwa kazi za kila siku. Ninachotazama kwanza ni viwango: API SP, daraja la taasisi ya mafuta ya Marekani lililoanza 2020, inafaa injini za petroli zilizoomba daraja la SN lililotangulia au ya kabla yake, na kwa gari la dizeli lenye chujio la masizi tafuta oili inayoacha majivu kidogo ikiungua, mara nyingi daraja la C la ACEA, chama cha watengenezaji wa magari wa Ulaya. Oili ya madini inayotimiza kitabu cha gari inaishinda sinthetiki isiyokitimiza.

Muda wa kumwaga sijaurefusha kupita kitabu. Safari fupi fupi huacha maji na petroli ndani ya oili, na hayo hayajali kama oili ni ya bei kubwa au ndogo. Ukiendesha masafa mafupi, hesabu miezi, usihesabu kilomita tu. Na kama injini yako tayari inakula oili kwa sababu ya ringi za pistoni zilizochakaa, tengeneza ringi kwanza; sinthetiki haitakusaidia.

Jambo la mwisho ambalo fundi alinitahadharisha ni kwamba ukishaingia huku huwezi kutoka. Unaweza. Oili hizi mbili huchanganyika bila madhara, ndiyo maana ile ya nusu sinthetiki ipo. Ukipungukiwa njiani na umepata ya madini peke yake, ya kiwango kinachotakiwa, ongeza uendelee na safari, ila sevisi inayofuata usiisogeze mbele kana kwamba ndani kuna sinthetiki tupu.