Uzoefu wangu: nimejiunga na chama cha wataalamu wa taa nikiwa Mombasa, na nimeingiza kazi kwenye tuzo zake

Wenzangu wa kazi huniuliza kama ada ninayolipa chama cha Marekani kila mwaka inanirudia. Kazi yangu ni kupanga taa hapa Mombasa: mahoteli ya ufuoni, nyumba za watu Nyali na Kizingo, mara mojamoja msikiti. Chama chenyewe ni Illuminating Engineering Society, kwa kifupi IES, kilichoanzishwa New York mwaka 1906. Mimi ni mwanachama wake, na nimeshaingiza kazi kwenye tuzo zake, Illumination Awards. Inanirudia, tena nalipa kwa moyo mkunjufu. Ila kwenye tuzo liko jambo moja ambalo mtu wa pwani anayetaka kujaribu afadhali alijue mapema, na hilo nitalieleza kwa urefu.

Kwanza kwa nini nilitoka nje kutafuta chama. Hapa Kenya mhandisi ana Engineers Board of Kenya, msanifu majengo ana Architectural Association of Kenya, na fundi wa stima huchukua leseni yake EPRA, mamlaka ya nishati. Kazi ya taa yenyewe, yaani kuamua mwangaza uangukie wapi, uwe wa rangi gani na uwe mwingi kiasi gani, ni kama haina mwenyewe. Mhandisi anaona imo kwenye mchoro wa msanifu, msanifu anaona ni ya mhandisi, na mwisho anayeamua ni muuza taa. Mimi nilitaka watu ambao hilo ndilo jambo lao la kwanza asubuhi.

Niliangalia vyama vitatu. IALD, iliyoanzishwa mwaka 1969 na yenye makao Chicago, ni ya wasanifu wa taa hasa. Kwa daraja lake la wataalamu unaonyesha kazi zako, na msimamo wake ni kwamba msanifu asiwe tena muuzaji wa taa anazozipendekeza. Naiheshimu sana. Society of Light and Lighting ya London, iliyo chini ya CIBSE, taasisi ya wahandisi wa huduma za majengo, ina mizizi yake kwenye chama cha mwaka 1909, nayo ingetufaa kwa kuwa mambo mengi ya stima tumeyarithi Uingereza. Nilichagua IES kwa sababu inapokea watu wa kila upande wa kazi hii, wahandisi, wasanifu, watengenezaji na wanafunzi, na kwa sababu nyaraka zake ndizo zinazotajwa kwenye makaratasi ya taa tunazoletewa madukani. Nilikuwa nikizisoma LM-79, LM-80 na TM-21 nyuma ya katalogi kama mtu anayesoma namba za gari linalopita.

Faida ya kwanza niliipata hapo. Chukua boksi la taa ya LED lililoandikwa saa 100,000. LM-79 ni njia ya kupima mwangaza na stima ya taa nzima, na LM-80 ndiyo njia ya kuipima ile chipu ya LED na kuona mwangaza wake unapungua vipi, na kipimo chake cha kawaida huanzia saa 6,000. TM-21 ndiyo hesabu ya kukadiria mbele kutokana na kipimo hicho, nayo haikuruhusu kudai zaidi ya mara sita ya muda uliopimwa. Kwa hiyo chipu iliyopimwa saa 6,000 huwezi kuidai zaidi ya saa 36,000. Hizo 100,000 zimetoka wapi? Siku hizi naliuliza swali hilo dukani kwa upole kabisa, na mara nyingi bei hushuka kabla jibu halijaja.

Hata hizo saa 36,000 ni za chipu tu. Huku kwetu kinachoua taa mapema ni chumvi. Muuzaji mmoja alinipa taa za bustani zenye alama ya IP66, akaniapia kwamba bahari haitazigusa. Kabla ya kaskazi kwisha parafujo zilikuwa zimevimba kutu, na rangi inabanduka mkononi kama gamba la samaki. Alipoulizwa, akasema alama ni ile ile na yeye hana kosa. Kwa maandishi alikuwa sawa, na ndilo lililoniuma. IP66 inazungumzia vumbi na maji. Kuhusu chumvi haisemi neno. Chumvi ina vipimo vyake, na kwa parafujo na mabano ya ufuoni tunahitaji chuma cha pua cha daraja la 316. Tangu siku hiyo nayaandika hayo kwenye oda yenyewe, hata mteja akiona nasumbua.

Vitu vingine vya uanachama nivipitie haraka. Kuna jarida, LD+A, ambalo nalisoma kwa ajili ya picha na michoro. Kuna jarida la utafiti, LEUKOS, zito zaidi. Nyaraka za viwango zenyewe unazilipia kando, ingawa mwanachama hupunguziwa. Hilo usilisahau unapopiga hesabu. Masomo ya mtandaoni hupangwa kwa saa za kule. Somo la saa saba mchana New York kwetu ni saa mbili usiku, na wakisogeza saa zao kwa ajili ya baridi linakuwa saa tatu. Mwenye watoto wadogo atajua ugumu wake. Pia matawi ya chama, yale yenye mikutano ya ana kwa ana na tuzo za mji wao, yako mbali nasi, kwa hiyo ule urafiki wa kukutana na kushauriana juu ya kikombe cha kahawa hauji pamoja na kadi. Tumejitengenezea wenyewe: mafundi, wahandisi na wasanifu kadhaa tuna kikundi cha WhatsApp, na siku nyingine tunakutana Mji wa Kale kuzunguka na mita ya luksi, kifaa cha kupima mwangaza unaoangukia mahali. Ukipita Ndia Kuu usiku ukaona watu wazima wanapima mlango, ndio sisi.

Sasa tuzo.

Kazi niliyoingiza ni ya hoteli moja upande wa Shanzu. Mwenye hoteli alikuja na shida mbili kwa pamoja. Bili ya stima ilikuwa kubwa, na watu wanaolinda mayai ya kasa walikuwa wamemlalamikia kuhusu taa zake. Kasa jike hutoka baharini usiku kutaga, na ufuo wenye mwanga mkali huukimbia. Mayai huchukua kama miezi miwili. Vitoto vikitoka mchangani vinaelekea upande ulio na mwanga zaidi karibu na upeo wa macho, na tangu enzi upande huo ni bahari, yenye kuakisi nyota na mwezi. Weka taa nyeupe za mafuriko, zile kali zinazomwaga mwanga eneo zima, kwenye ukuta wa hoteli, vitoto vitageuka na kupanda bustanini, huko vitakauka kwa jua la asubuhi au kuliwa na kunguru.

Taa zilizokuwepo zilikuwa hizo hasa: nyeupe, juu ya nguzo, zimeelekezwa baharini, kwa imani kwamba zinafukuza wezi.

Nilifuata kanuni 5 za taa za nje ambazo IES ilizitangaza mwaka 2020 pamoja na International Dark-Sky Association: taa iwe na kazi, ielekezwe pale inapohitajika tu, isizidi kiasi, iweze kudhibitiwa, na iwe na rangi ya joto. Kwa kasa unakwenda mbele zaidi: mawimbi ya mwanga yawe marefu, kuanzia nanomita 560, kwa hiyo nilitumia LED za rangi ya kaharabu, ambazo ziko karibu na 590. Nguzo zikashuka hadi usawa wa goti, kila moja na kofia yake upande wa bahari. Rangi hiyo haifai mezani, samaki wa kupaka huonekana kama udongo, kwa hiyo chini ya makuti ya mkahawa tuliacha nyeupe ya joto, imefichwa ndani ya boriti na haivuki ukumbi. Baada ya saa nne usiku njia ya ufuoni inazimika, na kihisi kinawasha pale tu mtu anapopita.

Wa kwanza kunipinga alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku, mzee wa Mtwapa aliyelinda pale tangu ukuta haujajengwa. "Mwanangu," akaniambia, "hii taa yako ya rangi ya embe, mwizi nitamwona vipi?" Nilimwomba asimame pale anaposimama siku zote, nikawasha zile za zamani, kijana wangu akasimama chini ya mnazi mwishoni mwa bustani. Mzee hakumwona, kwa sababu taa zilikuwa zinampiga machoni na nyuma ya taa hizo kila kitu kilikuwa cheusi. Tukazima, tukawasha za kaharabu, tukangoja macho yazoee. "Huyo hapo," akasema, "tena amevaa ndara." Kuanzia hapo yeye ndiye aliyewaeleza walinzi wenzake.

Kuingiza kazi kwenye tuzo kwenyewe hakuna fumbo. Unajaza fomu, unaandika maelezo mafupi ya lengo na namna ulivyolifikia, unaambatanisha picha. Majina ya msanifu, kampuni na watengenezaji hayatakiwi kuonekana kwenye maelezo, ili hakimu aisome kazi peke yake. Na mradi haushindani na mradi mwingine: kila mmoja unapimwa kwa vigezo, ukifikisha unapewa kiwango chako. Kwa mtu wa Mombasa jambo hilo ni zuri sana, kwa sababu hoteli yetu ya makuti haiwekwi mezani kushindana na uwanja wa ndege wa mabilioni.

Ugumu ni picha. Hakimu hajakanyaga Shanzu, anachokijua ni kile kilicho mbele yake kwenye skrini. Kazi ya taa za ndani hupiga picha nzuri kwa urahisi, dari inang'aa, ngazi inang'aa, hakimu anaona. Kazi yetu sehemu yake bora ilikuwa mchanga usio na taa. Unampelekeaje mtu picha ya giza ukamwambia hili nimelipanga? Ukiacha kamera iamue yenyewe itaivuta picha mpaka usiku uwe mchana, na ile kaharabu iwe chungwa la kutisha. Ukiibana, unapata karatasi nyeusi.

Tulichofanya ni hiki. Wakati wa kupima eneo nilikuwa nimepiga picha za taa za zamani, kamera ikiwa juu ya stendi, na vipimo vyote vya kamera nimeviandika. Baada ya kazi tulirudi mahali pale pale, kwa vipimo vile vile, usiku usio na mwezi. Picha ya kwanza mchanga mweupe, vivuli vya minazi vinakimbilia baharini. Picha ya pili njia nyembamba ya kaharabu, kisha mchanga unatulia gizani, na kwa nyuma unaona mstari wa povu kwenye mwamba wa matumbawe. Kati yake tukaweka picha ya machweo. Huku karibu na ikweta jua likizama ile samawati ya jioni haidumu, una kama dakika 20, kwa hiyo mpiga picha awe amejipanga kabla ya adhana ya magharibi. Na kwenye maelezo tukaandika vipimo vya luksi mchangani kabla na baada, tukaviweka kando ya mwanga wa mwezi mpevu, ambao haufiki hata luksi 1, ili hakimu awe na kitu cha kulinganisha.

Tuzo hatukupata. Nilihuzunika, kwa sababu naamini kazi ile ilistahili, na bado naamini hukumu ya picha inapendelea taa zinazoonekana kuliko usiku uliotunzwa. Chama chenyewe kimeandika kanuni za kupunguza mwanga. Ningependa tuzo zake zidai vipimo vya kabla na baada kwa kila kazi ya nje, na ziviweke sawa na picha. Hilo nimewaandikia, kama mwanachama mwenye haki ya kusema.

Lile faili nilikuja kumwonyesha jirani wa hoteli ile. Hakuuliza kuhusu tuzo. Aliziangalia zile picha mbili, akauliza bei ya kofia za nguzo, na ukuta wake sasa hauna taa ya mafuriko hata moja.

Kwa nani napendekeza? Kama unauza taa tu na hupendi kusoma, pesa yako ifanyie jambo lingine. Kama wewe ni mhandisi, msanifu au fundi ambaye wateja wanakuamini kuchagua taa, jiunge, na mwaka wa kwanza anza na LM-79 na TM-21 kabla ya kitu chochote. Tuzo zingojee mpaka uwe na kazi iliyokamilika na mwenye mali aliyekubali kwa maandishi picha zake zitumike. Na kama kazi yako ni ya ufuoni, chukua stendi ya kamera siku ya kwanza unapokwenda kupima, maana taa za zamani zikishang'olewa picha ya kabla huipati tena. Mimi nimelipa ada ya mwaka huu, na safari hii napeleka nyumba ya mawe ya matumbawe Mji wa Kale, yenye mlango wa nakshi ambao tunaumulika kutoka pembeni kwa taa moja.