Kanga ya kushonea koti: kabla hujalipa, tazama pindo

Koti langu la kwanza la kanga sasa linafunika cherehani. Nililivaa mara moja tu, harusini Wete, shoga yangu akanivuta pembeni kuniuliza mbona nimesimama upande. Sikusimama upande. Pindo la kulia lilikuwa na upana wa vidole vinne, la kushoto viwili, na jina, yale maneno ya kanga, nililotaka litulie mgongoni lilikuwa linateremka kama mtu anayeshuka ngazi.

Fundi simlaumu. Aliichana doti mbele yangu, na kanga huchanika kwa kufuata uzi. Uzi ulikwenda njia yake, chapa njia yake. Mpasuko ulianzia baina ya kanga mbili, pale pasipo na maua, ukaishia ndani ya pindo.

Bibi zetu hili halikuwahangaisha. Moja unajifunga, nyingine unajitanda, nani ataona pindo limekwenda mrama? Lakini siku hizi wasichana wanavaa koti la kanga, wazi mbele, juu ya jinzi na raba nyeupe. Pande mbili zinaning'inia jirani, kila kasoro nje. Mahipsta wa Brooklyn walifufua mashati ya babu zao, sisi tumefufua kanga za bibi. Vyema, ila tununue kwa macho.

Habari za rangi sizisemi, kila mtu na jicho lake. Mie nazipanga hivi.

Ya kwanza, na sitaki ubishi, ni Mali ya Abdulla, ile ya Mombasa. Tazama ukingoni, utakuta herufi K.H.E. na jina hilo. Nimeshachana doti tatu mpaka leo na zote zimepasuka sawasawa, pindo kwa pindo. Ghali kidogo, najua. Mama yangu ana moja kongwe kuliko mie, imelainika kama shavu la mtoto na mji wake, ile sehemu ya katikati ndani ya pindo, bado umenyooka. Kama una pesa ya koti moja tu mwaka huu, nunua hii.

Ya pili ni kanga za pamba za viwanda vya Bara. Zinafaa kwa koti la kila siku, lakini usilipe kabla ya kuikunja. Shika mapindo mawili ya ubavuni, yalaze moja juu ya jingine, kisha tazama kama katikati ya mji imekaa kwenye mkunjo. Ikikwepa kidole kimoja, fundi atakusitiri. Viwili, irudishe.

Ya tatu ni zile zilizojaa uwanga. Dukani zinasimama kama karatasi, ukizifua mara moja ni chandarua. Ikikushinda kuiacha, ifue kabla ya kuipeleka kwa fundi, maana itarudi, yaani itapungua, na bora irudi ingali kitambaa.

Za tetroni, shonea mapazia.

Sasa tabu iko kwenye kukunja huko. Mchangani, mjini Unguja, kuna duka nimeambiwa, "Ukiikunjua, umeinunua." Ile iliyotundikwa mlangoni imenyooka vizuri, lakini unayopewa wewe si ile, ni nyingine iliyokunjwa ndani ya plastiki, na pesa zikishaingia mtoto wa meza hakujui tena. Tangu lini nguo ikanunuliwa kama yai?

Ukisema basi nitanunua koti lililokwisha shonwa, kule Shangani yapo tele. Moja niliambiwa 45,000. Nilipomjibu muuzaji Kiunguja changu ikawa 30,000, bila hata ya kuona haya. Nikaligeuza, nikakuta jina limewekwa kwapani, tena kichwa chini. Nikamtaka anisomee. Akapinda shingo, akasoma, "Japo sipati." Yaliyobaki yalikuwa ndani ya mshono.