Jua la Lubumbashi: kava la gari liwe la mwisho kununuliwa

Malalamiko yanayonifikia kiangazi hiki si ya rangi kupauka tu, ni ya mikwaruzo. Dada mmoja wa mtaa wa Bel-Air alinionyesha RAV4 yake nyeusi iliyoshinda chini ya kava tangu Mei. Ukiwa mbali inang'aa. Ukiinama usawa wa boneti na kuitazama mwanga ukiipiga kwa pembeni, unaona michirizi myembamba kama nywele, imejizungusha, na imezidi kwenye kona za paa na pembeni mwa taa, pale kava linapokaza. Alinunua kava ili alinde rangi, na kava ndilo lililoila.

Watu wakinunua kava huuliza bei, saizi na kama linazuia maji. Hakuna anayeligeuza aone upande wa ndani. Vumbi letu jekundu hupenya kokote, na upepo wa Agosti na Septemba hauliachi kava litulie: linapiga, linavutika, linarudi, na kila mara vumbi linasagwa juu ya vanishi. Kava la nailoni tupu lisilo na bitana laini, tena pana kuliko gari, linaharibu rangi upesi kuliko jua lenyewe. Kabla ya kulipa, chukua CD ya zamani, sugua upande wake unaong'aa kwa kitambaa cha ndani cha kava, kisha iangalie. Ikikwaruzika, mrudishie muuzaji mali yake. Hata lile zuri, lenye bitana ya pamba na mikanda ya kufungia chini ya gari, lisivishwe gari ambalo halijaoshwa. Nani kati yetu anaosha gari kila jioni, kwa shida hii ya maji? Ndiyo maana kwangu kava ni la nne kati ya vitu vinne.

Cha kwanza ni filimu, ile karatasi nyembamba ya plastiki inayobandikwa kwenye vioo vya milango. Kioo cha mbele kina plastiki katikati ya matabaka mawili, na plastiki hiyo inazuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno, ile miale ya jua isiyoonekana inayopausha rangi. Vioo vya milango kwa kawaida havina kinga hiyo, na viti huanza kuchakaa kuanzia upande huo. Baridi ya asubuhi za Juni isikudanganye: mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda ndivyo miale hiyo inavyozidi nguvu. Mimi ni mtu wa kampuni ya 3M na sifichi. Filimu yao ya Crystalline inazuia hadi 99% ya miale ya urujuanimno huku kioo kikibaki cheupe, nanyi mnajua kioo cheusi kinavyomvuta polisi wa barabarani. Filimu za rangi tupu hugeuka zambarau, zinatoa mapovu, na kuzibandua ni kazi ya siku nzima.

Cha pili ni kizuia-jua cha kioo cha mbele, kilichokatwa kufuata umbo la gari lako. Kampuni ya Covercraft inavikata kwa modeli. Watafiti wa Arizona, katika utafiti uliochapishwa 2018, waliacha magari juani saa moja siku za joto kali: dashibodi zilifika wastani wa nyuzi 69, za magari yaliyokuwa kivulini nyuzi 48. Hapa Oktoba haina ukali wa Arizona, lakini plastiki inapasuka vilevile. Tazama kona za chini na pale penye kioo cha kuangalilia nyuma. Pakibaki upenyo, dashibodi itapasuka hapohapo. Na mtoto asiachwe ndani hata dakika tano, kizuia-jua kiwepo kisiwepo.

Cha tatu ni nta, ile ya kutengenezwa viwandani, kwa sababu nta ya karnauba, inayotokana na mmea, haidumu kwenye joto. Paka juu ya gari safi, rudia baada ya miezi miwili au mitatu.

Vizuia-jua vile vya karatasi ya fedha vinavyotembezwa barabarani ni bora kuliko kioo kitupu, basi.

Kinachonikera ni wauzaji wetu. Pakiti imefungwa, ukitaka kugusa kitambaa unaambiwa: «Mama, ukifungua umenunua.» Nitajuaje bitana bila kufungua? Bei inatajwa kwa dola, ukilipa kwa faranga taux, yaani kiwango cha kubadilishia fedha, ni ya muuzaji, na noti ya dola yenye mpasuko mdogo anaikataa, ila chenji anakurudishia zilizochanika. Ukiuliza kwa nini kitu ni ghali, jibu ni mpaka wa Kasumbalesa tu. Ushuru wa mpakani naufahamu. Haumlazimishi mtu kuficha bidhaa yake.

Kwa filimu ya 3M, msikubali kipande kilichokwisha kukatwa. Roli lenyewe liletwe, maandishi yasomwe kwenye boksi, ndipo lipimwe kwenye mlango wa gari lako wewe ukiwa umesimama pale.