TAHADHARI BANDUGU!! Ule muzee wa kamera za kukunja hapa Lubumbashi ni mwizi

Bandugu wa foto, roho inaniuma na haya inanishika, lakini nikinyamaza ataibia mwingine. Ule muzee wa bintu za zamani, pale njia ya kwenda soko, aliniuzishia kamera ya kukunja akisema iko tayari, lenzi ilishatoka, tundu ya sindano ilishawekwa (katundu kadogo sana kanapitisha mwanga pa nafasi ya lenzi), miye ni kutia filimu tu. Dola 60!! Na ni makuta, feza ya ile kazi ya teril, ule mulima wa mabaki ya shaba, munaijua.

Aliitosha mu kitambaa polepole, akabonyeza kabatoni, mlango ukashuka, sufle, ile ngozi ya mikunjo kati ya mbele na nyuma, ikatoka laini, nyeusi, inang'aa. Akafungua nyuma, akainua kamera kuangalia mlango wa duka, nikaona kanukta ka mwanga katikati, kamoja tu. Kisha akapiga klik, klik. Akanionyesha na foto, eti "hizi nilizipigaka na yenyewe, mwanangu." Sasa ningekataa vipi? Mutu ana mvi, anaongea pole, na hesabu anaijua: toka tundu mpaka filimu sentimeta 12 na kitu, basi tundu iwe karibu nusu milimeta. Njo vile kabisa! Mwizi wa kawaida ataijulia wapi ile?

Nyumbani nikazima taa, nikatia tochi mule ndani. Mama yangu! Kila kona ya sufle inavuja mwanga, ngozi ilipasukaka zamani, yeye akapakaa kiwi ya viatu juu. Kiwi bandugu!! Tundu nayo alitoboa na musumari, milimeta 2 hivi, kingo zimechanika, pale foto itatoka ukungu mutupu. Na alisema filimu ya 120 inaingia, bongo!! Kamera ni ya filimu ya saizi 616, ile Kodak iliacha kutengeneza 1984, roli ya 120 inacheza mule kama jino bovu.

Nikarudi kwake. Akasema mbele ya batu ni miye niliiharibu, bakacheka. Mutu kama ule anyang'anywe bintu yote, afungwe, watoto wake wajue anawalisha na nini!!

Mukienda kununua kwa mutu yeyote, nusa sufle, omba kutia tochi ndani mahali pa giza, akikataa toka. Na ile klik klik isikudanganye, tundu ya sindano unaifungua na mukono, sekunde kadhaa hata kwenye jua kali. Zingine nitaandika hasira ikishuka.

Mwenye kujua chefu wa karatie, mukubwa wa mutaa ya pale, aniandikie leo leo, nataka aitwe na makuta yangu irudi.