Skeletor wa Origins: viungo vizuri, kiuno kimepoa
Mwanasesere wa Skeletor, adui mkuu wa He-Man (shujaa wa vinyago na katuni za Masters of the Universe), aliyetolewa na Mattel mwaka 2020 katika mfululizo wa Origins, ana urefu wa takriban sentimita 14 na viungo 16, kwa hiyo anapiga goti na kukunja kiwiko, mambo ambayo yule wa mwaka 1982, ambaye miguu yake ilishikiliwa kwa mpira wa ndani, hakuyaweza kamwe. Kichwa na viungo vyake huchomoka, vikapachikwa kwa wenzake wa mfululizo huohuo. Kiuno, hata hivyo, hakina tena springi ya kurusha ngumi, na kwangu mimi hilo ni pengo kubwa. Kabla ya kulipa, kagua rangi ya manjano ya fuvu, hasa kingo za matundu ya macho, kwani bidhaa zinazotengenezwa kwa wingi hazilingani.