Uzoefu wangu na Ilex verticillata: niliuziwa dume lisilo la jike langu

Nina hasira na sitaificha. Kichaka hiki nilikinunua kwa sababu moja tu: majani yakishapukutika, matawi hubaki yamesheheni vitunda vyekundu kama kaa la moto. Mimi nikapata fimbo. Vuli ya kwanza fimbo tupu, ya pili fimbo zile zile, ila zimerefuka.

Kichaka chenyewe hakina kosa, kosa ni la kitalu. Mmea huu ni kama mpapai: kuna mche dume na mche jike, na jike bila chavua ya dume halizai. Hilo nililijua, ndiyo maana niliomba jozi. Nikapewa jike, 'Winter Red', na dume, 'Jim Dandy', nikaambiwa, "Hawa wanaelewana."

Hawaelewani! 'Jim Dandy' huchanua mapema. 'Winter Red' anapofungua vile viua vyake vyeupe, ambavyo usipoinama huvioni, mwenzake keshamaliza zamani. Nyuki wanakuja, sawa, lakini wabebe nini?

Niliporudi kuuliza, muuzaji hata macho hakuyainua kwenye simu. "Labda unapogoa vibaya." Kupogoa! Sijawahi kukigusa kwa mkasi. Nilipomweleza habari ya kuchanua, akanijibu, "Kama unajua yote hayo, mbona ulinunua?" Neno hilo mpaka leo limenikaa kooni.

Dume la kufaa, 'Southern Gentleman', nililipata kwingine, na msimu huu... niseme nini? Matawi hayaonekani kwa wekundu. Siku majani ya mwisho yalipodondoka nilisimama dirishani mpaka nikasahau nilichokuwa nikitafuta. Nilianza kuandika haya nikitaka kuwaambia msinunue, kumbe ningewadanganya. Nunueni, mradi udongo wenu una unyevu na hauna chokaa. Ila ulizeni kwanza dume linachanua lini na jike lini, na mtu akiwajibu tu kwamba "wanaelewana", shikeni njia.

Kinachonikera sasa ni huyo 'Jim Dandy'. Yuko pale pembeni, mzima wa afya, hana hatia yoyote. Jike anayeendana naye ni 'Red Sprite', kale kafupi. Nimemtafuta kila mahali. Anapatikana kwa yule yule wa simu.